Sura ya Nne: Makovu ya Skrubu

Dela Umholtz alipoingia ukumbini, meza ya Emory Zerbe ilikuwa imeshafunikwa shuka jeupe gubigubi, kama maiti anayesubiri jamaa zake.

Watu wa soko la saa la Kreiderton hawapigani. Wakikasirika, wanafunika. Muuzaji akishutumiwa kwamba ameuza uongo, meza yake inavishwa shuka, na yeye anakalishwa kwenye kiti cha chuma pembeni, mikono magotini, asiguse saa wala asifungue mdomo mpaka aulizwe. Soko likifungwa saa tisa alasiri na jina lake halijasafika, basi ndiyo kwaheri. Hatapanga tena meza Kreiderton, wala kokote kule Pennsylvania na Ohio ambako wazee wenye minyororo vifuani hukutana kununua saa za mfukoni. Na Zerbe hakuwa na kazi nyingine duniani. Alikuwa fundi wa kufufua saa zilizokufa. Ukimnyima meza, umemnyima na sahani.

Ilikuwa yapata saa saba mchana, kwa mujibu wa mamia ya saa zilizokuwemo ukumbini, ingawa hakuna mbili zilizokubaliana.

Dela alikuwa mpelelezi wa kaunti, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubebea mlango, na siku hiyo hakuwa zamu. Alikuwa amekuja mjini kununua maboga. Lakini Daktari Royce Klinefelter, daktari wa meno, alikuwa amepiga simu polisi mara mbili, na kwa kuwa hakuridhika akapiga na kikosi cha wazimamoto. Wazimamoto hawakuhitaji kusafiri. Ukumbi ni wao. Walikuwa humo humo wakikaanga viazi.

Mwenyekiti wa chama, Harlan Diehl, alimpokea Dela mlangoni akiwa ameshika saa ya dhahabu ndani ya leso kama mtu aliyebeba yai la mbuni.

"Sijaigusa," alisema. "Hakuna aliyeigusa. Zerbe anaomba aifungue atuoneshe kitu, lakini kanuni ni kanuni."

"Na mshitaki yuko wapi?"

Hakukuwa na haja ya kuoneshwa. Sauti ya Daktari Klinefelter ilikuwa ikitangulia mwili wake. Alikuwa mtu mnene, mwekundu, mwenye vizibao vitatu kwa mwaka, vyote vya kuoneshea saa. Alimweleza Dela mkasa wote bila kuvuta pumzi, na habari yenyewe ilikuwa hivi. Majira ya kuchipua alikuwa amenunua kwa Zerbe saa ya Hamilton, kasha la dhahabu limechorwa paa na majani ya mwaloni, na ndani yake mashine ya vito ishirini na tatu, vile vijiwe vyekundu vinavyobeba magurudumu ya saa, ile mashine ambayo wapenzi wa saa wakiitaja hushusha sauti kama wako kanisani. Leo asubuhi alimpa Zerbe aifute vumbi. Zerbe akairudisha. Daktari akaiweka kwenye sanduku lake la kioo bila kuifungua tena, akaenda kunywa supu ya kuku na mahindi. Aliporudi walikuja mabwana wawili kutoka Ohio, akawafungulia mgongo wa saa ili wafe kwa wivu. Badala ya kufa, walicheka. Ndani mlikuwa na mashine ya vito kumi na saba, nzuri tu, lakini ya kila mtu.

"Uso wa saa ni uleule?" Dela aliuliza.

"Zinafanana. Nyeupe, tarakimu nyeusi. Mwizi alijua hilo. Na ni nani anajua nyuso za saa kuliko yule pale?" Alimnyooshea kidole Zerbe, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake kwa makini kana kwamba navyo vinahitaji ukarabati.

Dela alimuuliza ni nani mwingine aliyekuwa karibu na sanduku wakati yeye anakunywa supu. Daktari akajibu hakuna mtu. Sanduku lilikuwa limefungwa? Lilikuwa na kufuli, ndiyo, ila ufunguo aliuacha juu yake, kwa sababu hapa ni Kreiderton, siyo Philadelphia.

"Kwa hiyo meza ilikuwa peke yake."

"Peke yake kabisa."

Mmoja wa wale mabwana wa Ohio akaingilia. Alisema aliona mtu ameinama juu ya sanduku la daktari, na mkononi ana kitu cha kung'aa. Yule muuza minyororo mwenye masharubu. Ukumbi mzima ukageuka. Vernell Tice, aliyekuwa akila pai nyuma ya meza yake ya minyororo, akaacha kutafuna.

Tice hakuwa na sura ya kumsaidia. Ana jicho moja linalochungulia upande, na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha, jambo ambalo polisi hulipenda sana. Dela alikwenda kwake polepole, akavuta kiti, akakaa, akatazama minyororo yake mmoja mmoja mpaka jasho likamtoka Tice.

"Mimi sijaiba mashine," Tice alisema.

"Sijasema mashine. Nilitaka kuuliza bei ya huu wa fedha."

Tice akameza lile pai lililobaki mdomoni. Kisha akasimulia yote. Ni kweli aliinama pale. Kile cha kung'aa kilikuwa rula yake ya chuma. Alitaka kupima pete ya saa ya daktari, ili akirudi amkute na mnyororo unaoingia sawasawa, amuuzie akiwa ameshiba, maana mtu aliyeshiba hana mkono mzito. Lakini hakupata hata kupima.

"Kwa nini?"

"Alinifukuza."

"Nani?"

"Yule bibi. Hakusema neno. Alinitazama tu, nikakumbuka dhambi zangu zote toka shule ya Jumapili."

Dela alimgeukia daktari, aliyekuwa amewafuata na kizibao chake.

"Ulisema hapakuwa na mtu mezani."

"Hapakuwa na mtu," daktari alisema. "Alikuwepo mama mkwe tu."

Watu walicheka, na mwenyekiti Diehl akajifanya anakohoa. Dela hakucheka. Aliuliza mama mkwe ni nani, akajibiwa kwa sauti ya heshima na watu wanne kwa pamoja: Tillie Bomberger, mwamuzi mkuu wa chama, ambaye ameshawahi kumnyima mume wake mwenyewe utepe wa mshindi wa kwanza kwa sababu mshale wa sekunde haukuwa wa asili. Kwa sasa yuko jikoni, anasaidia akina mama wa wazimamoto.

"Usimsumbue yule," daktari alisema. "Yule akigundua kwamba saa ya dhahabu imechezewa, presha itampanda. Mwizi wako amekaa pale kwenye kiti."

Dela alikubaliana naye kwa kichwa, kama unavyokubaliana na mtu anayekuelekeza njia usiyokusudia kuipita, kisha akaomba apatiwe dirisha lenye mwanga, bisibisi ndogo, na kioo cha kukuzia. Vilikuja vioo kumi na viwili. Pale kila mtu alikuwa nacho shingoni.

Mwenyewe hakuwa mjuzi wa saa. Saa yake ilikuwa ya plastiki, zawadi ya benki, na wazee wale walipoiona mkononi mwake waliangalia pembeni kwa adabu, kama mtu aliyeona kamba ya suruali ya mgeni imelegea. Lakini Dela alijua milango iliyovunjwa. Nusu ya umri wake wa kazi ameutumia kupiga magoti mbele ya vitasa, akisoma mikwaruzo: huu ni wa mwenye nyumba mlevi, huu wa mwizi mwenye haraka, huu wa mwizi aliyesomea. Chuma kikigusa chuma, kinasimulia.

Akafungua mgongo wa saa ile. Mashine ilikuwa imeshikwa na skrubu mbili, moja huku na moja kule, ambazo vichwa vyake vilikuwa vimekandamiza ukingo wa kasha. Vichwa vyenyewe vilikuwa safi, havina hata mchubuko.

"Aliyefanya hii kazi si mtu wa haraka," alisema.

"Nilikuambia. Fundi," daktari alisema.

Dela akazilegeza skrubu zile mbili, akazizungusha kidogo, akatazama chini yake kwa kioo. Akatazama tena. Akaenda na kioo chake polepole kuuzunguka ukingo wote, halafu akarudi pale alipoanzia. Saa za ukumbini ziliendelea kubishana.

"Mwenyekiti," alisema. "Mtuhumiwa wako anaruhusiwa kujibu akiulizwa?"

"Akiulizwa, ndiyo."

"Basi namuuliza. Bwana Zerbe, hebu sogea na kiti chako. Mashine ikikaa ndani ya kasha, skrubu zake zinaacha alama?"

Zerbe alikuja na kiti chake amekikumbatia kwa nyuma kama kobe. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye nyusi nyingi kuliko nywele. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba ndiyo, zinaacha makovu. Zamani huku kwetu, saa haikuuzwa nzima. Mtu alikwenda kwa sonara, akachagua mashine kwenye trei hii na kasha kwenye trei ile, sonara akaviunganisha hapo hapo juu ya kaunta. Ndoa ya dukani. Kwa hiyo mashine yoyote inaingia kasha lolote la saizi yake. Lakini skrubu za kila aina ya mashine hazikai mahali pamoja. Kila mashine iliyopita humo inaacha kovu lake, na kovu la miaka mingi ni jeusi na lina kina, na la juzi ni jepesi na linang'aa.

"Humu naona jozi mbili za makovu," Dela alisema. "Jozi moja inang'aa, na haina skrubu juu yake. Nyingine ni nyeusi, imechimbika. Hizi skrubu za mashine hii ya vito kumi na saba zimekaa juu ya jozi gani?"

Zerbe hakuruhusiwa kugusa, kwa hiyo aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia dhahabu. Alipoinuka, nyusi zake zilikuwa zimepanda karibu kufika pale nywele zilipokuwa zamani.

"Nyeusi," alisema. "Zimeingia kama mguu kwenye kiatu chake."

"Jozi ya tatu ipo?"

"Hakuna."

Dela akaiweka saa mezani, akamgeukia daktari, na kuanza kumhesabia kwa vidole. Mwizi anayetaka mashine ya vito ishirini na tatu anahitaji kitu cha kuziba pengo. Atachukua mashine yoyote ya bei nafuu. Mashine hiyo ingeacha makovu yake, mapya, mahali pake penyewe. Hayapo. Mashine iliyomo humu leo ilishakaa humu zamani, miaka na miaka, kabla hata daktari hajaijua hii saa.

"Huyu hakuletwa kuziba pengo," Dela alisema. "Huyu amerudi kwao. Aliyekuwa mgeni humu ni huyo wa vito ishirini na tatu unayemlilia."

Daktari alifungua mdomo, akausahau wazi. Wagonjwa wake wangefurahi kumwona.

"Nilimwambia," Zerbe alisema kwa upole. "Siku namuuzia nilimwambia, mashine na kasha si wa ndoa ya kwanza."

"Uliniambia?"

"Ulikuwa unajitazama kwenye kasha."

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mwenyekiti Diehl akapiga meza. Hiyo ni hekima nzuri sana, alisema, lakini haijibu swali. Mashine ya daktari iko wapi? Shuka halitoki kwa makovu peke yake. Na saa nane ilikuwa inakaribia; saa tisa soko linafungwa.

Dela akamuuliza Zerbe alikoipata saa ile. Zerbe akasema aliinunua kwa binti wa dereva wa garimoshi aliyefariki, mzee Ambrose Troxell, na hakuinunua peke yake. Zilikuwa mbili. Moja ya dhahabu, ya kuvaa Jumapili, na moja ya kasha la nikeli, ya kazini, imechorwa garimoshi mgongoni. Zote zilikuwa zimekufa. Alipozifungua aliona palepale kwamba ndugu fulani wa marehemu alikuwa ameshazichanganya: mashine bora ya kazini imetiwa kwenye dhahabu ili ipate bei, na ya Jumapili imesukumiwa kwenye nikeli. Alizisafisha, akazitia mafuta, akaziamsha, akaziacha kila moja na mwenzake aliyekutwa naye.

"Kwa nini hukuzirudisha sawa?"

"Mimi nafufua," Zerbe alisema. "Sifungishi ndoa wala sivunji. Nikibadilisha moja kwa nia njema, kesho nani ataamini kwamba sikubadilisha kumi kwa nia mbaya?"

Hapo wazee wawili watatu walitazama lile shuka, kisha wakatazama sakafu.

"Ile ya nikeli iko wapi?"

"Nimeiuza leo asubuhi, sijamaliza hata kupanga meza. Kwa Bibi Bomberger."

"Alilipa ulichotaka?"

"Alilipa palepale. Hakuomba hata punguzo."

Kama angesema Bibi Bomberger amekuja kununua akiwa uchi wa mnyama, watu wasingeshtuka hivyo. Tillie Bomberger asiombe punguzo! Huyu ndiye mwanamke aliyeomba punguzo kwenye jeneza la mumewe kwa hoja kwamba marehemu alikuwa mfupi. Mwenyekiti Diehl alikaa chini. Dela alisimama, akajipangusa magoti, akauliza jikoni ni mlango upi.

Jikoni palikuwa na mvuke, redio ya muziki wa kodiani, na feni ambayo ilikuwa ikinguruma kama ndege inayotaka kuruka na masufuria. Akina mama sita walikuwa wakicheka jambo. Dela alipotokeza, kicheko kilikatika kama uzi. Mmoja akageukia sinki. Mmoja akaanza kukata karoti zilizokwisha kukatwa. Fern Lutz, mpishi mkuu, mwanamke mwenye mikono kama ya mchonga mawe, akasogea hatua moja kushoto, akasimama mbele ya sufuria kubwa iliyofudikizwa juu ya meza.

"Supu imekwisha," Fern alisema.

"Sikuja kwa supu. Nini kiko chini ya hiyo sufuria?"

"Meza."

"Na juu ya meza?"

"Sufuria."

Dela alikuwa ameshawahi kuhoji majambazi wa benki ambao walikuwa laini kuliko huyu. Aliangaza macho akamwona, nyuma kabisa, kibibi kidogo chenye aproni ya maua na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni, akinyunyiza sukari ya unga juu ya vitobosha kwa utulivu wa malaika.

"Bibi Bomberger. Nimetoka kuiangalia saa ya mkweo."

"Umeona ilivyokaa vizuri sasa?" bibi aliuliza bila kuinua kichwa.

Feni ilinguruma. Fern Lutz alifumba macho.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Sasa angekuwa nani? Kuna mwingine humu mwenye mkono?" Akaweka ungo wa sukari chini. Alisimulia bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza alivyoshona kifungo cha koti la mtoto. Miezi sita amekula chakula cha Jumapili kwa mkwewe, na kila Jumapili saa ile ya dhahabu inatolewa baada ya kahawa, na kila Jumapili anayaona yale makovu matupu, na chakula hakishuki. Leo asubuhi akafungua saa ya nikeli kwenye meza ya Zerbe, na humo ndani akakuta makovu yale yale yamegeuzwa. Pacha wake! Akalipa bila kufikiri. Royce alipokwenda kula, naye akakaa mezani, akatoa bisibisi yake kwenye mkoba, akamrudisha kila mmoja nyumbani kwake. Alimaliza kabla Royce hajaongeza bakuli la pili.

"Na ile ya vito ishirini na tatu?"

Bibi alimpa ishara Fern. Fern, kwa uchungu wa mtu anayesalimisha ngome, akainua sufuria. Chini yake palikuwa na keki ya chokoleti imeandikwa Royce, na pembeni ya keki, imefungwa utepe mwekundu, saa ya nikeli yenye garimoshi mgongoni.

"Leo ni siku yake ya kuzaliwa," Bibi Bomberger alisema. "Sasa atakuwa nazo zote mbili, sahihi, kama mzee Troxell alivyozibeba. Tunaitoa saa nane. Usituharibie."

Dela alimuuliza, taratibu, kama hakusikia kelele ukumbini.

"Royce hupiga kelele hata chumvi ikipungua."

"Amesema imeibwa."

"Iliyoibwa ni ipi? Nilidhani ataona mwenyewe. Mtu ana kioo cha kukuzia cha bei ya ndama, atashindwa kuona makovu?"

"Bibi, meza ya Zerbe imefunikwa shuka."

Hapo ndipo Tillie Bomberger alipomtazama Dela usoni. Alivua aproni. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akaichukua saa na utepe wake, akamwambia Fern abebe keki, akatoka jikoni kwa mwendo ambao uliwafanya wazimamoto wazima wajibanze ukutani kumpisha.

Mshumaa ulishawashwa njiani, na wale akina mama, wakiwa hawajui waimbe au wasiimbe, waliimba. Kwa hiyo Daktari Klinefelter alipokea ukweli akiwa anaimbiwa. Bibi alimkabidhi saa ya nikeli, akamwambia afungue mgongo. Akafungua. Ile mashine ilikuwa humo, vito vyake vyekundu vimekaa kwenye vikombe vya dhahabu, mistari ya mapambo inapita juu ya chuma kama upepo juu ya ngano. Bibi akamwambia alegeze skrubu, atazame chini. Daktari akatazama. Kovu jeusi, la kina, na skrubu imelala ndani yake.

Mshumaa ukaanza kudondokea keki.

"Sheria inasema mashine ni yako," Dela alimwambia. "Ukitaka irudi kwenye dhahabu, fundi yupo, na ni haki yako."

Daktari aliitazama saa ya dhahabu, akaitazama ya nikeli. "Itoke humu?" alisema, kama mtu aliyeombwa kung'oa jino la mtoto wake. "Iende wapi?"

Bibi Bomberger aliwatazama wenzake wa meza ya waamuzi, akawaonesha mkwewe kwa kidevu, kama mkulima anayeonesha mche ulioshika.

Mwenyekiti Diehl mwenyewe ndiye aliyelivuta shuka. Saa zikatokea chini yake zimejipanga kwa safu, zote zikitembea. Hazikuwa zimesimama hata dakika moja kungoja hukumu. Watu walipiga makofi. Zerbe aliinuka kwenye kile kiti cha chuma, akajinyoosha mgongo ukalia, na daktari akamfuata akiwa na saa moja kila mkono na krimu ya keki kwenye kizibao.

"Emory," alisema. "Sijui nianzie wapi."

"Daktari, wewe ukimng'oa mtu jino zima kwa makosa, huwa unafanyaje?"

"Namwomba radhi. Na siku nzima namhudumia mwenyewe, simwachii msaidizi."

"Basi anzia hapo."

Mwenyekiti akasema hilo ndilo hasa lililomo kwenye kanuni, ingawa hakuna aliyewahi kulitumia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiri kosa: aliyefunikisha meza isivyo haki ataiuzia meza hiyo mpaka soko lifungwe. Zerbe akavua koti lake la kazi, akamvisha daktari. Halikufika vifungo. Mwenyewe akakaa nyuma, akanyoosha miguu, akaletewa kahawa na kipande cha keki na Fern Lutz, ambaye ghafla alikumbuka kwamba hata supu haikuwa imekwisha.

Meza ikajaa watu. Wale mabwana wa Ohio walikuwa wa kwanza, na mmoja akaondoka na saa mbili. Daktari aliuza kwa sauti ile ile aliyoshitakia. Mzee mmoja alipolalamika kwamba kasha alilooneshwa lina mikwaruzo ndani, daktari alimpa hotuba kuhusu makovu mpaka yule mzee akavua kofia.

Dela alianza kuondoka kwenda kununua maboga yake, lakini akasimama. Pembeni ya meza palikuwa na saa ndogo ya kike, ya fedha, mgongoni imechorwa ndege. Akaitazama ile ya plastiki mkononi mwake. Akauliza kama hii ya ndege inatembea vizuri.

Daktari Klinefelter alivua kioo chake shingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mimi usiniulize," alisema, uso mkavu kabisa. "Fungua mgongo uangalie mwenyewe. Muuzaji hata siku moja usimwamini."

Nyuma yake, Emory Zerbe alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani, na Dela akaingiza ukucha kwenye ukingo wa fedha, akafungua.